Meseji Yako Inapita Njia Gani?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na majirani wengine wakabaki na intaneti ya kuchechemea. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha, kwani waya wa Seacom unaopita Bahari ya Shamu ulikuwa umekatika tangu Februari mwaka huohuo. Waliokuwa wakiandikiana kwa WhatsApp waliona kialama cha saa pembeni ya ujumbe kimekaa tu, hakigeuki kuwa tiki. Lakini SMS ya kawaida kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya haivuki bahari yoyote. Inatoka kwenye simu, inapanda mnara, inaingia kwenye mitambo ya kampuni iliyomo humuhumu nchini, inashuka mnara wa Mbeya. Nyaya za baharini hazimo kwenye safari hiyo.

Kwa nini basi simu zenyewe hazikuhamisha ujumbe uliokwama kutoka intaneti kwenda SMS? Simu janja inaweza yote mawili, na mwenye simu alikuwa na namba ya anayemwandikia. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, simu haikujua kwamba kuna tatizo. Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara ulio jirani. Kinachoendelea baada ya mnara havikionyeshi. Siku ile maandishi ya 4G yaliweza kuwaka vizuri huku ng'ambo hakufikiki. Pili, WhatsApp haichagui njia kabisa. Tangu ilipoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, inajua njia moja tu ya kupeleka ujumbe, nayo ni intaneti. SMS inaihitaji siku ya kusajili namba, ili ikutumie tarakimu za kuthibitisha, kisha inaachana nayo.

Zipo programu zinazochagua. Zinafanya hivyo kwa niaba yako, na uamuzi wao unagusa salio lako, siri yako na uhakika wa ujumbe kufika. Ninaamini kila mwenye simu anastahili kuuelewa uamuzi huo, na zaidi ya kuuelewa, kuwa na kauli juu yake.

Tuanze na SMS, kwa sababu ndiyo njia kongwe na ndiyo ambayo programu zinazochagua huikimbilia zikishindwa. Wazo lake lilizaliwa kwenye ushirikiano wa Ujerumani na Ufaransa katikati ya miaka ya 1980, likisukumwa na wahandisi Friedhelm Hillebrand na Bernard Ghillebaert. Waligundua kwamba mtandao wa simu una njia ndogo ya ishara, ile inayotumika kuiambia simu "unapigiwa" au kuuambia mnara "nipo hapa", na kwamba njia hiyo mara nyingi iko wazi. Wakaamua ibebe maandishi, kama bahasha anayopewa kondakta wa basi ambalo lingekwenda Tukuyu hata bila bahasha hiyo. Nafasi iliyopatikana ilikuwa baiti 140, ambazo kwa herufi za biti saba zinatosha herufi 160. Hillebrand aliketi nyumbani kwake Bonn akiandika sentensi za kawaida kwenye taipureta na kuzihesabu, akaona 160 zinatosha kusema jambo. Tarehe 3 Desemba 1992 mhandisi kijana, Neil Papworth, alituma kutoka kwenye kompyuta salamu za Krismasi kwa Richard Jarvis wa Vodafone nchini Uingereza. Ndiyo SMS ya kwanza.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye kusubiri. SMS ikimkuta mpokeaji amezima simu au yuko bondeni kusiko na mtandao, kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu huihifadhi. Simu ikiwashwa na kujitambulisha kwa mnara wowote, daftari la mtandao hukiarifu kituo kwamba mtu wako amepatikana, na ujumbe hutumwa. Mpokeaji hatakiwi kuwa na bando, programu wala simu ya bei. Kitochi kinatosha. Ndiyo maana uthibitisho wa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, hadi leo unakuja kwa SMS. Ndiyo maana pia mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa Tanzania kati ya 2009 na 2010, uliweza kuvifikia vituo vya afya 129 katika Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki wahudumu waliulizwa kwa SMS wamebakiwa na dawa za malaria kiasi gani, wakajibu kwa simu zao wenyewe, na wilaya ikajua ni wapi dawa zinakaribia kwisha. Mradi ule haukumlazimu mhudumu kununua chochote.

Meseji ya intaneti inafanya kazi kwa namna nyingine. Simu yako ina muunganisho mmoja ulio wazi muda wote kuelekea seva za Apple au Google, hata ikiwa mfukoni imelala. Ujumbe ukija, seva hugonga kwenye muunganisho huo na simu huamka. Kwa hiyo simu lazima iwe na data inayopita. Kwa malipo hayo unapata mengi: picha na sauti, maandishi marefu upendavyo, tiki za kukuambia ujumbe umefika na umesomwa, na kwa programu nyingi, ufunguo wa siri ambao hata mwenye seva hana.

Mfano bora wa programu inayochagua ni ile ya meseji kwenye iPhone. Apple walitangaza iMessage mwezi Juni 2011 na kuitoa Oktoba mwaka huo. Unapoandika namba ya mtu, hata kabla hujaanza ujumbe, simu huiuliza seva ya Apple: namba hii imesajiliwa kwenu? Jibu likiwa ndiyo, seva hurudisha anwani za vifaa vya mtu huyo pamoja na funguo za kufungia ujumbe, na kiputo chako kinakuwa cha bluu. Jibu likiwa hapana, simu hujiandaa kwa SMS na kiputo kinakuwa cha kijani. Kama njia ya bluu imeshindwa, na mipangilio yako imeruhusu, simu itautuma ujumbe uleule upya kama SMS na kuubadilisha rangi.

Usajili huo una kisa chake kwetu. Mtu ananunua iPhone iliyotumika huko Kariakoo, anaweka laini, anaweka vocha ndogo ya kujaribia, na baada ya dakika chache anakuta salio limepungua bila yeye kupiga wala kuandika. Fundi wa dukani anaambiwa ameuza simu mbovu. Simu ni nzima. Ili kuithibitishia Apple kwamba laini ni yako kweli, imetuma kimyakimya SMS ambayo huioni kwenye orodha ya ujumbe, na mara nyingi inakwenda kwenye namba ya nje ya nchi, hivyo inatozwa bei ya nje. Kama laini haina salio la kutosha, au ina kifurushi cha SMS za ndani peke yake, usajili unakwama, na kwenye mipangilio utaona simu ikisema inasubiri kuwezeshwa, siku nzima. Maandishi yanayotahadharisha kuhusu gharama hiyo yapo, lakini yanatokea kwa lugha ambayo wanunuzi wengi hawaisomi na wanaipita kwa kubonyeza sawa.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu wa mfumo wote ukilinganisha na maisha yetu. Seva inajua kama umesajiliwa. Haijui kama una bando. Wahandisi wa California walipojenga iMessage walikuwa na watu wanaolipia intaneti kwa mwezi, ambao kuwa na simu na kuwa hewani ni jambo moja. Kwetu mtu hujiunga na kifurushi cha saa 24 asubuhi, kikaisha saa kumi jioni, na akakaa bila data mpaka kesho akipata. Simu yake iko hewani. Ukimpigia inaita. Ukimtumia SMS inaingia. Lakini ukimtumia kiputo cha bluu, au WhatsApp, ujumbe unakaa kwenye seva huko mbali ukisubiri data ya mtu ambaye hana habari kwamba kuna kinachosubiri. Apple huuhifadhi hadi siku 30, WhatsApp vilevile. Kwa picha ya harusi si neno. Kwa taarifa ya msiba inayosema mazishi ni kesho saa nane, tiki moja ya kijivu ni jambo zito.

Kundi la WhatsApp la ukoo limetuzoesha kudhani kwamba tukishaandika kundini kila mtu amejua. Wazee wenye vitochi hawamo kundini. Vijana wenye simu janja wamo lakini wengine wameishiwa. Msomaji anayeratibu kikoba, jumuiya au kamati ya mazishi ninamsihi: jambo la haraka litume pia kwa SMS, na usiitegemee programu ikufanyie.

Nimesema uamuzi wa simu unagusa pesa. Fikiria mtu wa Zanzibar mwenye dada yake Muscat, wote wana iPhone. Kwa miezi wanaandikiana kwa bluu na gharama ni data kidogo tu. Siku moja data ya wa Zanzibar inayumba, simu inahamia SMS, na kila kipande sasa kinatozwa kama ujumbe wa kimataifa. Ishara kubwa ni rangi. Hakuna swali, hakuna bei inayoonyeshwa. Signal, programu inayosifika kwa usiri, ilitangaza Oktoba 2022 kwamba inaondoa SMS kwenye toleo lake la Android. Sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: watu walidhani wanatuma ujumbe wa Signal, kumbe ni SMS, wakaja kushtukia bili. Nyingine ilikuwa usalama, kwa sababu aliyedhani maneno yake yamefungwa alikuwa anayapeleka wazi. Messenger ya Facebook nayo iliacha kubeba SMS Septemba 2023.

Kuhusu usalama tuseme wazi. SMS haifungwi kwa ufunguo wa mtumaji na mpokeaji. Inasomeka kwenye mitambo inamopita, na mfumo wa ishara unaoibeba ulijengwa enzi ambapo kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana. Desemba 2024, baada ya wadukuzi kuingia kwenye mitandao ya kampuni kubwa za simu za Marekani, wakala wa usalama wa mtandao wa nchi hiyo, CISA, uliwashauri watu wanaolengwa zaidi kutumia programu zinazofunga ujumbe mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ujumbe unaporudishwa kimya kutoka bluu kwenda kijani, unabadilisha zaidi ya rangi. Mwandishi wa habari au mwanasheria anayemwandikia mteja wake anapaswa kuizima ruhusa hiyo ya kurudi kwenye SMS, hata kama maana yake ni ujumbe kuchelewa.

Lipo pia tatizo la laini inayohama. Miaka ya mwanzo ya iMessage, mtu aliyetoa laini kwenye iPhone na kuiweka kwenye simu ya Android alianza kupotelewa na meseji. Seva ya Apple iliendelea kuamini namba yake ni ya iPhone, rafiki zake wakaendelea kuandika kwa bluu, na ujumbe ukaenda kwenye kifaa asichokitumia tena. Malalamiko yalifika mahakamani Marekani mwaka 2014, na Novemba mwaka huo Apple ilitoa njia ya kuiondoa namba kwenye orodha yao hata kama huna tena iPhone. Kwetu, ambako laini huhama kutoka simu hadi simu kwa sababu ya chaji, wizi au kuuza, hili ni la kukumbuka.

Upande wa Android uchaguzi unafanyika kati ya SMS na RCS, mfumo ambao kampuni za simu zenyewe zilianza kuupanga mwaka 2007 na baadaye kuuweka chini ya chama chao cha GSMA, zikasuasua, hadi Google ilipoinunua kampuni ya Jibe mwaka 2015 na hatimaye kuanza kuitoa huduma hiyo moja kwa moja kwa watumiaji. Programu ya Messages ya Google hufanya kazi kwa kuulizana: simu yako inatafuta kujua kama simu ya pili inaweza RCS, na ikiwa inaweza, sehemu ya kuandikia hubadilika kukuonyesha hivyo. Kwenye mipangilio yake umepewa nafasi ya kuamua kama ujumbe ulioshindwa utumwe tena wenyewe kwa SMS au la. Ninaipongeza nafasi hiyo. Apple, baada ya kukataa kwa miaka, ilikubali Novemba 2023 na kuiingiza RCS kwenye iOS 18 Septemba 2024, miezi michache baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuishtaki na kuvitaja viputo vya kijani kwenye hati ya mashtaka. Mwanzoni RCS kati ya iPhone na Android haikuwa imefungwa kwa ufunguo wa siri. Kanuni za kuifunga GSMA ilizichapisha Machi 2025.

Lakini hata hiyo SMS tunayoiita ya kawaida inachaguliwa njia. Mtandao wa 4G ulijengwa kubeba pakiti za data peke yake. Haukurithi ile mitambo ya zamani ya sauti. Simu inapotaka kutuma SMS ikiwa kwenye 4G huangalia kama imejisajili kwenye mfumo mpya wa sauti wa kampuni. Kama ndiyo, SMS hufungwa kama pakiti na kupita humo. Kama sivyo, hubebwa kwa njia ya ishara hadi kwenye mitambo ya zamani. Mtumiaji haoni tofauti na hatozwi bando, lakini ndiyo sababu wakati mwingine simu mpya inapiga na kupokea vizuri na SMS zinagoma: usajili mmoja umefaulu, mwingine haujakamilika. Kuzima simu na kuiwasha mara nyingi hutosha.

Na kuna jambo dogo linalokula vifurushi vya SMS vya waandishi wa Kiswahili. Herufi zetu zote zinaingia kwenye zile za biti saba, kwa hiyo tuna 160 kamili. Ila iPhone, na baadhi ya kibodi, hupenda kukipinda kile kikoma cha juu unapoandika ng'ombe au ng'ambo. Kikoma kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za SMS. Kikiingia kimoja tu, ujumbe wote huhamia mfumo wa herufi mpana, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, kwa kuwa kila kipande cha ujumbe uliogawanywa kinabeba 67 tu. Kikatuni cha uso unaocheka hufanya vivyo hivyo. Simu nyingine hujirekebisha zenyewe. Kwenye iPhone, zima alama janja za uandishi katika mipangilio ya kibodi, na kikoma kitabaki kimenyooka.

Ninachowadai watengenezaji ni kidogo na kinawezekana. Kabla simu haijahamisha ujumbe kutoka intaneti kwenda SMS ya nje ya nchi, iulize. Kabla haijatuma SMS ya siri ya kujisajili, iseme kwa Kiswahili kwamba itakata salio. Na pale ujumbe wa intaneti unapokaa bila kufika kwa saa kadhaa ilhali laini ya mpokeaji inapatikana, mtumaji apewe kitufe cha kuupeleka kwa SMS, aamue mwenyewe. Mamlaka zetu za mawasiliano, TCRA na mwenzake wa Kenya, zinazosimamia tozo za kampuni za simu, zina sababu nzuri ya kuuliza pia kuhusu tozo zinazoanzishwa na simu yenyewe bila mwenye simu kujua.

Wakati hayo yakisubiriwa, fungua mipangilio ya meseji leo. Kwenye iPhone tafuta ruhusa ya kutuma kama ujumbe wa maandishi, uiwashe kama unachojali zaidi ni kufika, uizime kama ni siri. Kwenye Messages ya Google iko chini ya gumzo za RCS. Na kabla ya kuitoa laini kwenye iPhone unayoiuza, zima iMessage kwanza simu ikiwa na data, usubiri dakika chache, ndipo uichomoe.